Sura ya Saba: Kuihama Timu na Kujuta

Miongoni mwa mambo yanayomsibu kijana wa pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Ng'ombeni na Tiwi hata Msambweni na Vanga, ni machache yanayopuuzwa na watu wazima kama majuto ya mchezaji aliyeihama timu yake. Akianguka mtihani, wazee hukaa kikao. Akishikwa na homa, nyumba nzima huwa macho. Lakini akirejea jioni kutoka mazoezi ya timu mpya, akapita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake wa zamani, akakataa chakula na kujifunika shuka kabla adhana ya isha haijatoka, huambiwa kwamba mpira ni mchezo tu, na kwamba kukicha atakuwa amekwisha kusahau. Hukicha, naye hajasahau. Nadhani hapa watu wazima hukosea kwa sababu huutazama mpira, ilhali kinachomuuma mtoto si mpira.

Ili tukijue kinachomuuma hatuna budi kukumbuka kwamba katika mwambao huu upande wa mtu haukupata kuwa jambo la kuchagua kama mtu achaguavyo kitambaa dukani. Mji wa Lamu una Mkomani na Langoni, na watu wa mitaa hiyo miwili wameshindana kwa ngoma, kwa mashairi na kwa Maulidi kwa muda unaopita umri wa yeyote aliye hai leo. Mombasa ilikuwa na Tisa Taifa na Thelatha Taifa, kila kundi na wazee wake na madai yake. Na zilipoingia ngoma za beni katika zama za ukoloni, miji iliyozipokea haikukawia kujigawa katika vyama vilivyotafuta kupitana kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa majigambo. Mpira wa miguu ulirithi desturi hiyo nzima. Yanga iliundwa Dar es Salaam mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa timu ya waliojitenga nayo, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Sunderland na tangu mwaka 1971 inaitwa Simba. Na mpaka sasa mchezaji avukaye kutoka klabu moja kwenda nyingine, kama alivyovuka Clatous Chama kutoka Simba kwenda Yanga katikati ya mwaka 2024, huzungumzwa vibarazani kana kwamba amewakana wazazi wake. Na huyo ni mtu mzima, tena mgeni kutoka Zambia, mwenye mkataba mkononi. Itakuwaje basi kwa mtoto wa miaka 15, ambaye wale aliowaacha atakutana nao kisimani, chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na asubuhi atabanana nao katika tuktuk moja?

Fauka ya hayo, timu ya mtaa ya Kwale haifanani na klabu ya ligi kuu. Haina mkataba wala mshahara, na hazina yake ni mfuko wa shati la yule aliyeaminiwa. Jezi ni seti moja, aghalabu zawadi ya mwanasiasa wakati wa kampeni au ya mwenye hoteli wa Diani. Baada ya kipenga cha mwisho huvuliwa zikiwa zimelowa jasho, zikahesabiwa, zikatiwa katika gunia la nailoni, na wachezaji hupokezana zamu ya kuzifua. Ikipotea namba 7, basi hakuna namba 7 msimu mzima, au atakayecheza nafasi hiyo atavaa fulana ya rangi iliyokaribia, na tarakimu ataandikiwa mgongoni kwa vipande vya plasta. Viatu huazimwa: anayetolewa dakika ya 60 huketi pale pale kwenye mstari, akavua njumu zikiwa bado na joto la mguu wake, akampa anayeingia, naye anayeingia huzifunga haraka huku refa akimhimiza. Nauli ya matatu ya kutoka Ukunda kwenda Lunga Lunga huchangwa, ujira wa refa huchangwa, na asiyekuwa nacho hulipiwa na wenzake pasipo kuandikwa popote. Kijana aliyecheza hapo tangu ana miaka 10 huwa amekwisha kula, kuvaa na kusafiri kwa mali ya wenzake, wala hakuna daftari linaloonyesha ni kiasi gani.

Wala hatuwezi kumlaumu akivutiwa na kwingine. Huko Tiwi iko shule ya sekondari ya Kaya Tiwi, ambayo jina lake limevuma Kenya nzima kwa mpira wa kikapu wa wasichana. Msichana wa Kinango aliye mrefu na mwepesi wa mkono, akiona kwamba huko kuna kocha, kuna uwanja, na kuna njia ya kufika mashindano ya taifa, ni nani atakayemwambia abaki alipo? Mvulana naye husikia kwamba timu fulani ya Ukunda inajiandaa kwa Chapa Dimba, mashindano ya Safaricom ya vijana wa miaka 16 hadi 20, au kwamba akivuka feri ya Likoni atacheza karibu na macho ya watu wa klabu ya Bandari. Hapo wazee humtolea methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ni njema na ina haki yake, ila nimeiona ikitumiwa kwa dhuluma, hasa na makocha ambao hofu yao si mustakabali wa kijana bali ni kumpoteza winga. Mtoto anayetafuta mahali pa kukuza kipawa chake hakumkosea mtu kwa kutafuta. Makosa, kama yapo, huwa katika namna ya kuondoka.

Tumkadirie kijana mmoja wa Gazi, mwenye miaka hiyo 15, winga wa kushoto, aliyeitwa na timu ya Ukunda na akaenda bila kuaga. Mwanzoni mambo ni mazuri: kuna mazoezi ya koni na vizibao, kuna kocha mwenye cheti, na kila mtu ana njumu zake. Baadaye anagundua kwamba timu ile ina winga wa kushoto wake, mwenyeji wa mtaa ule, mkubwa kwake kwa mwaka mmoja, na kwamba yeye aliitwa ili benchi lisikae tupu. Huingizwa dakika za mwisho, wakati matokeo yamekwisha kuamuliwa. Nauli ya kwenda na kurudi, aliyoahidiwa kurudishiwa, hairudi. Kisha siku moja akiwa amekaa benchi pale Ukunda Showground, habari zinafika kwa simu kwamba wenzake wa Gazi wameshinda ugenini Msambweni, na kwamba bao limefungwa na yule mtoto wa jirani ambaye zamani alikuwa akimbebea maji.

Majuto ya kijana huyu yanaonekana kuwa kitu kimoja, lakini ni mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni hasara: dakika alizozikosa, nauli iliyokwenda, ushindi ambao haukuwa wake. La pili ni deni: watu walimvisha, wakamlipia, wakamwachia nafasi, naye akaondoka usiku. Wazazi hushughulika na hasara peke yake, kwa kuwa hasara inahesabika, na maneno ya kuifariji ni mepesi kupatikana. Deni hawaligusi, na yamkini hawalioni. Mtoto naye, asiyekuwa na lugha ya kuyatenga mawili hayo, husema tu kwamba anataka kurudi, nao wakadhani kwamba dawa ni kumrudisha.

Juu ya hasara, wataalamu wa elimu ya nafsi wana la kutufaa. Thomas Gilovich na Victoria Medvec wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika tafiti walizozichapisha miaka ya 1994 na 1995, walionyesha kwamba jambo tulilolitenda likaenda kombo hutuchoma zaidi katika siku za karibuni, ilhali mtu atazamapo nyuma katika umri wake wote, yanayomsumbua zaidi ni yale ambayo hakuyatenda. Waliohojiwa walikuwa Wamarekani, nami sipendi kuuchukua moyo wa mtu wa New York nikaupachika kwa mtu wa Vanga pasipo hadhari. Hata hivyo, ukiketi na wazee wa Msambweni waliokuwa hodari wa kabumbu ujanani mwao, utasikia mara nyingi zaidi habari ya mwaliko ambao hawakuuitikia kuliko habari ya timu mbovu waliyojiunga nayo. Kijana wetu hawezi kuliona hilo akiwa na miaka 15, na si insafu kumtaka alione. Lakini mzazi wake anaweza kuliona kwa niaba yake, na kuliona kutamzuia asifanye haraka.

Jambo jingine lililochunguzwa ni geni zaidi, nami nalihesabu kuwa na manufaa zaidi. Daniel Gilbert na Jane Ebert, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapa wanafunzi wa Harvard somo la kupiga na kusafisha picha, na mwishowe kila mmoja akatakiwa kuchagua moja kati ya picha zake mbili bora na kuiacha nyingine. Baadhi yao waliambiwa kwamba uchaguzi ni wa moja kwa moja. Wengine waliambiwa kwamba wana siku kadhaa za kubadili nia. Waliofungiwa mlango waliishia kuipenda picha yao, na walioachiwa mlango wazi waliipenda kidogo kuliko wao. La kustaajabisha ni kwamba watu, wakiulizwa, huupendelea ule mlango wazi, kwa kuwa hawajui kwamba ndio unaowanyima utulivu. Sasa msikilize mama wa Gazi anavyomliwaza mwanawe kwa mapenzi yote: mwanangu, usijali, ukichoka utarudi, kwenu ni kwenu. Maneno haya ni matamu, na ndiyo yanayomkesheza mtoto, kwa maana kila jioni humlazimu kuamua upya jambo alilokwisha kuliamua. Afadhali aambiwe: msimu huu wewe ni mchezaji wa Ukunda, na habari ya kurudi hatutaizungumza mpaka mechi ya mwisho ichezwe. Atanuna siku hiyo. Baada ya hapo nafsi yake, ikiona kwamba hakuna pa kukimbilia, itaanza kutafuta mema ya hapo ilipo, na mara nyingi huyapata: rafiki mmoja, pengine, au kocha anayejua kufundisha krosi ya mguu wa kushoto.

Wala hatua iliyopotoka ujanani haimalizi safari ya mchezaji. Victor Wanyama aliondoka Kenya mwaka 2007 akiwa na miaka 16, akamfuata kaka yake McDonald Mariga katika klabu ya Helsingborg ya Uswidi. Kaka yake alipohamia Parma ya Italia, yeye alirejea nyumbani. Mtazamaji wa wakati ule angaliweza kusema kwamba safari imekwisha. Mwaka 2008 alikwenda Beerschot ya Ubelgiji, kutoka huko akaenda Celtic, na mnamo Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa katika Ligi ya Mabingwa. Siutoi mfano huu ili kila mtoto wa Kwale aahidiwe Barcelona, jambo ambalo lingekuwa ukatili wa aina nyingine. Nautoa kwa sababu mtoto wa miaka 15 hukadiria umri wake wote kwa msimu mmoja.

Deni lina mambo mengine kabisa, na hapa muda hausaidii sana. Hata wakubwa wa mpira duniani wanakiri kwamba lipo. Tangu kanuni za uhamisho zilipofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2001, FIFA imeagiza kwamba kijana anaposajiliwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine, klabu zilizomfundisha tangu ana miaka 12 zilipwe fidia ya mafunzo. Na anaponunuliwa baadaye na klabu ya nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, sehemu 5 katika kila 100 za ada ya uhamisho zigawiwe wale waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Lakini fidia hiyo huifikia klabu iliyosajiliwa na shirikisho. Timu ya mtaa, yenye gunia lake moja la jezi, haimo katika karatasi hizo, na kwa hiyo deni lake haliwezi kulipwa ila na kijana mwenyewe, kwa miguu yake na ulimi wake.

Naye hulilipa kwa kwenda kutaka radhi. Kwa Wadigo, ambao hapo kale urithi wao ulipita upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya mpwa wake, pengine kumpita baba. Na ingawa sheria ya dini na ya serikali zimebadili mengi, bado katika mambo ya aibu mjomba ndiye mtu anayefaa kutangulia mbele, kwa sababu baba huja na ghadhabu na mama huja na machozi. Basi mjomba na mpwa wake huenda kwa yule kocha wa zamani, nyumbani kwake na wala si uwanjani mbele ya macho ya watu, baada ya swala ya alasiri, wakichukua jezi iliyofuliwa na kupigwa pasi kama ilisalia kwao. Kijana huamkia: "Shikamoo, kocha." Mjomba husema machache: "Kocha, huyu ni mwanao. Aliondoka bila kukuaga, nasi tumekuja kuaga leo." Pana makocha watakaoitikia marahaba na kuagiza chai, pana watakaosema yote waliyoyaweka kifuani tangu siku ile. Huyo wa pili naye aachwe aseme. Kijana asijitetee, asitaje njumu wala ahadi alizopewa, na zaidi ya yote, siku hiyo asiombe kurudi, kwani akiomba kurudi siku ile ile ya kutaka radhi, radhi hugeuka kuwa bei, na kocha atakuwa na haki ya kuuliza kama angalikuja lau huko Ukunda angalikuwa anacheza.

Wachezaji wenzake ni jambo jepesi zaidi, maana vijana husamehe kwa utani. Watampa jina baya, watamwita mtalii au mtu wa hoteli, watalipigia kelele juma zima. Naye akicheka nao, mambo yamekwisha. Mzito ni yule mdogo aliyeirithi nafasi. Huyo anaogopa, na hofu yake humfanya awe mkali kuliko wote. Ni vizuri kijana wetu amtafute peke yake amwambie kwamba amesikia habari za lile bao la Msambweni na kwamba limemfurahisha, hata kama kusema hivyo kutamgharimu.

Yote niliyoyasema yanahusu mtoto aliyeondoka kwa hiari yake na kutoka kwa watu wema. Akiwa alihamishwa na baba yake, au na mtu mzima aliyepokea kitu mkono kwa mkono, deni si la mtoto, na aende akalilipe yule aliyepokea. Ni vibaya mno kumwona kijana akiona haya kwa ajili ya pesa ambazo hakuziona. Na akiwa alikimbia kocha anayepiga watoto au kuwagusa vibaya, msichana au mvulana, hapana radhi ya kutakwa hapo wala desturi ya kuheshimiwa. Huyo aende kwa mtu anayemwamini, au apige 116, namba ya Childline Kenya isiyotozwa malipo, na jamaa zake wasimwambie habari za kuaga.

Itakuja siku timu mbili zikutane. Watu wengi hudhani kwamba kijana apumzishwe siku hiyo, eti moyo wake utakuwa nusu nusu. Mimi naona acheze, na kama mpira ukimwangukia mguuni mbele ya lango la Gazi, aufunge; kwa maana kuukosa kwa makusudi ni kuwadanganya watu wa pande zote mbili kwa pigo moja. Akifunga, asishangilie kwa kuruka ruka mbele ya shangazi zake waliosimama mstarini, lakini hilo ni adabu ya kawaida ambayo hana haja ya kusoma kitabu aijue.

Msimu ukimalizika, na si kabla, ndipo habari ya kurudi ifunguliwe. Wengi wetu husali istikhara kabla ya kuposa na kabla ya safari ya mbali. Sioni kwa nini isisaliwe kabla ya usajili. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, wala hapana aibu katika marejeo, mradi kijana ajue kwamba ngama aliyoiacha si ile atakayoikuta. Azingatie pia kwamba katika mpira ulioandikishwa kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji acheze mechi rasmi kwa zaidi ya klabu mbili katika msimu mmoja, kwa hiyo anayeruka ruka kila anaponuna atajikuta akitazama mpira akiwa nje ya kamba. Akirudi, arudi kama mchezaji mpya: aanze na zamu ya kufua jezi, na nafasi aitafute mazoezini, asiidai kwa kuwa ilikuwa yake. Na kama yule aliyekuwa akibeba maji amekwisha kuwa winga wa kushoto hasa, na anafunga, basi kocha amjaribu kijana wetu nyuma yake, nafasi ya beki wa kushoto. Ana mbio, na benchi la Ukunda limemfundisha kuutazama mchezo, na timu za mtaa karibu zote zina mawinga wa kugawa na hazina beki.